Taa Iliyojua Dola

Taa na sanduku lake vilinigharimu dola arobaini na moja na ndizi mbili. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau ndizi. Taa yenyewe, pamoja na kile chuma kizito cha kuiwashia, kumi na nane. Sanduku la vioo, kumi na nne. Fundi mbao, sita. Waya, plagi na mtu wa kuviunga, tatu. Kuna kitu cha tano ambacho sijakiingiza kwa kuwa bado sijaijua bei yake, na ndicho kinachonikalisha hapa kuandika.

Mimi ni mtu wa biashara. Nilifika Kisangani kutoka upande wa Butembo na maharagwe na sabuni, nikabaki. Chumba cha kunyolea kule Mangobo nilikifungua kwa sababu moja: barabara ikiharibika sabuni inakwama njiani wiki tatu, lakini nywele haziji kwa lori. Sishiki mashine mimi mwenyewe. Kinyozi wangu ni mtu wa Isangi, baba wa watoto wanne, mwenye maoni juu ya kila kitu na mkono ambao hautetemeki. Mimi ninakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, ninasalimia, ninapokea pesa, ninaangalia kama noti imechanika.

Mwaka huu wateja walianza kuuliza swali jipya kabla ya kukaa: "Mashine iko propre?" yaani, ni safi? Kwenye kona ya pili mwenzetu wa kazi alikuwa ameleta kijisanduku chenye mwanga wa bluu, anaweka humo mashine zake, anasema mwanga unaua vijidudu. Wateja wangu sita wakahamia kwake. Nilihesabu tena, wakawa saba. Kinyozi wangu alikuwa anapangusa mashine kwa kitambaa na kuzipulizia. Alisema pumzi ya mtu aliyesali asubuhi inatosha. Sikubishana naye, ila nilianza kutafuta taa.

Niliipata kwa mtu anayeuza mabaki ya vifaa vya hospitali: vitanda visivyo na magurudumu, mizani ya watoto, glovu za zamani. Ilikuwa mrija mrefu kama mkono wangu, kioo kitupu kisicho na unga mweupe ndani, ncha zote mbili zimepiga weusi kama meno ya mvutaji.

"Hii iko ya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Papa, hii iko ya laboratoire. Inaua mikrobi. Ni taa ya wazungu ya zamani, hawatengenezi tena kama hii."

"Kama hawatengenezi tena, ikikufa nitapata wapi ingine?"

"Haiwezi kukufa."

"Basi mwenyewe aliiuza kwa nini?"

"Laboratoire ilikufa, papa. Taa ilibaki." Akataja dola thelathini na tano.

Nilimwambia kwa pesa hiyo ninunue pia maabara yenyewe. Tukazunguka pale kwa muda, yeye akishuka, mimi nikikataa kupanda, hadi tukafika ishirini. Hapo nikataka kuona kama kweli inafanya kazi. Akaichomeka. Ikakohoa mara mbili, ikatoa mwanga wa bluu hafifu.

Sasa, mtu wa kwetu akitaka kujua kama mwanga ni mwanga, anafanya nini? Anatoa dola. Kila duka la jumla linajua: ukiweka noti nzuri chini ya taa ya kukagulia pesa, uzi uliofichwa ndani unang'aa. Nilitoa noti yangu ya ishirini, nikaishika chini ya mrija, nikaiziba kwa koti ili pawe na giza. Uzi ukawaka kijani, safi kabisa.

"Umeona?" muuzaji akasema. "Taa inajua dola, itashindwa na mikrobi?"

Kwa sikio la mfanyabiashara hoja hiyo haikuwa na tundu. Nilitafuta tundu lingine, nikalipata kwenye zile ncha nyeusi, nikapunguziwa dola mbili za mwisho. Nikabeba taa mapajani juu ya pikipiki mpaka Mangobo, nimeikumbatia kama mgonjwa.

Sanduku nililinunua ng'ambo ya barabara yetu. Pale kuna mama mmoja, mtu wa Yanonge, anayekaanga mikate asubuhi na kuuza samaki wa kukausha jioni. Alikuwa na sanduku la vioo, vioo pande zote hata juu, ambamo zamani alipanga mikate yake ili inzi waione bila kuigusa. Alitaka ishirini. Nilitoa kumi. Akaniambia, "Papa, wewe unanunua kioo ama unanunua mimi?" Tukaachana kwa kumi na nne, na akaniongezea mikate mitatu kwa heshima. Ninayataja haya ili ijulikane kwamba tulikuwa watu wa kusalimiana.

Fundi mbao alitengeneza kifuniko cha mbao cha kukalia juu ya sanduku, na taa ikafungwa chini ya kifuniko. Mwanga ulishuka kupitia kioo cha juu hadi kwenye mashine zilizolala ndani. Fundi alikuwa ameuliza kama aiweke taa ndani kabisa, pamoja na mashine. Mimi ndiye niliyekataa. Humo ndani mikono inaingia na kutoka, mashine inaweza kuugonga mrija, na mrija huo hawatengenezi tena. Nilitaka kioo kati ya taa yangu na mkono wa kinyozi.

Tulipomaliza nilipima tena, kwa kuwa mimi ninapima mara mbili. Niliweka noti ileile ndani ya sanduku, chini ya kioo. Uzi ukawaka kijani kama mwanzo.

Biashara ilipanda. Mwanga wa bluu ulionekana kutoka barabarani hata mchana wa mawingu, na kati ya wale saba waliohama, watano walirudi. Kinyozi akaacha kupuliza mashine. Hata kitambaa akakiacha. Alisema taa inamtosha. Kila asubuhi alifunua kifuniko akapangusa vumbi kwenye mrija, nayo ikiwa inawaka, ili aone vumbi vizuri.

Jumamosi moja, chumba kimejaa, watu wawili wakiwa wamesimama, mama wa Yanonge alivuka barabara amemshika mtoto wake wa kiume mkono. Alimgeuza kichwa kuelekea dirishani. Upande wa nyuma, juu ya sikio, palikuwa na doa la mviringo kama kizibo cha chupa, nywele zimekatika, ngozi ina magamba. Choa.

"Papa, mutoto yangu alinyolewa hapa," alisema. Hakupiga kelele. "Sasa angalia kichwa yake. Infirmier aliyemupima anasema ni mashine ya kunyoa. Nimenunua dawa ya kupaka na ya kunywa. Ninaomba unisaidie nusu."

Nusu lilikuwa ombi la haki. Siku nyingine ningelijadili mpaka robo na tungeagana vizuri. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama, na mlangoni alisimama mmoja wa wale watano waliorudi.

"Mama," nikasema kwa sauti ya sokoni, "mikrobi haiwezi kutoka hapa. Hapa tuko na taa ya laboratoire." Nikatoa noti yangu, nikaiingiza sandukuni, nikawaonyesha wote uzi wa kijani. "Munaona? Mwanga ambao unapenya mpaka ndani ya dola, choa itajificha wapi?"

Watu wakacheka. Nikaongeza, kwa kuwa kicheko ni kama punguzo la bei, ukianza kutoa hujui kuacha: "Tafuta huko kwenu kwa mto, munakolala na samaki shuka moja."

Wakacheka zaidi. Kinyozi wangu, mtu wa mto yeye pia, hakucheka. Mama akaangalia noti, akaangalia lile sanduku lililokuwa lake.

"Taa yako inajua dola, papa," akasema. "Mutoto yangu haimujui."

Akamshika mtoto, akavuka barabara. Jumatatu kinyozi alienda kununua mikate kama kawaida, akaambiwa imekwisha. Ilikuwa imejaa kwenye beseni mbele yake.

Jumanne chumba huwa kitupu. Siku hiyo huja mama mmoja aliyefanya kazi ya maabara miaka yake yote na sasa amestaafu. Tunamwita mama laborantine. Anakata nywele fupi kila baada ya wiki mbili, na kila mara anadai apunguziwe kwa kuwa nywele zake ni chache kuliko za mara iliyopita. Ninamheshimu sana. Alikaa, akamtazama kinyozi kwenye kioo.

"Macho yako iko nyekundu. Umelia ama umekunywa?"

"Hakuna, mama. Iko kama mchanga ndani. Inaanza mangaribi, asubuhi inapungua. Nafikiri ni sementi ya jirani."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili, tatu."

Jirani alikuwa amemaliza kujenga mwezi uliopita. Mama laborantine akageuza kiti, akaangalia sanduku, kifuniko, mwanga. Akauliza ni nani anayeipangusa taa, na kama huwa inawaka wakati wa kupanguswa. Kinyozi akajibu. Mama akaamuru kwanza taa izimwe, ndipo akaomba kifuniko kifunuliwe. Akaupitishia mrija kidole, akasoma maandishi madogo kwenye ncha.

"Alors, hii taa iko hai," akasema. "Inakuchoma macho. Ukiiangalia bila kioo, mangaribi utalia mchanga. Sisi kule tuliifunika, tuliifunga mlango."

Ninakiri kwamba nilifurahi. Kinyozi anashika macho yake, mimi ninaona ushindi. "Kumbe iko hai! Basi yule mama alinisingizia."

"Ngoja, papa. Nimesema taa iko hai. Sijasema mashine imepona. Ulipimaje?"

Nikamweleza juu ya dola. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi ninapomweleza bei.

"Donc ulipima pesa," akasema. "Bon. Nunua ndizi mbili."

Nilitoka kwa muuza ndizi wa mlangoni. Alitaka bei ya ndizi tatu. Nilichagua mbili kutoka kichana kimoja, zenye ukubwa mmoja, njano bila doa. Mama laborantine alizifunga kila moja utepe wa karatasi katikati, kama mkanda. Moja akailaza ndani ya sanduku, mahali pa mashine. Ya pili akailaza juu ya kioo, chini ya kifuniko, karibu na mrija. Kifuniko kikarudi, taa ikawashwa, na tukakatazwa kufunua.

"Ganda ya ndizi ni kama ngozi," alisema. "Mwanga wa kuua ukiigusa, kesho itakuwa nyeusi. Chini ya karatasi itabaki njano. Ndizi haiangalii uso wa mutu."

Umeme ulikaa tangu saa tano asubuhi mpaka saa kumi. Kwa Mangobo hiyo ni zawadi.

Kesho yake mama laborantine alikuja kabla sijafungua. Tulihakikisha taa imezimwa, tukafunua. Ndizi ya juu ya kioo ilikuwa imegeuka kahawia upande uliotazama taa, rangi ya kahawa ya mtu asiye na maziwa, na katikati mkanda wa njano safi pale palipokuwa na karatasi. Tukafungua sanduku, tukatoa ya ndani. Nikaivua utepe. Niliizungusha mara moja, nikaizungusha mara ya pili. Ilikuwa njano yote, kama nilivyoinunua. Huwezi hata kujua mkanda ulikaa wapi.

"Sababu ni kioo," mama laborantine akasema, na kugonga kwa kucha kile kioo nilichokilipia. "Hii taa inatoa mianga ya namna nyingi. Ile ya bluu unayoiona inapita kioo. Ile inayowasha dola inapita. Ile ya kuua inakufia hapa juu. Ni kama chandarua, papa: upepo unaingia, mbu hapana."

"Kwa hiyo wiki zote hizi..."

"Wiki zote hizi taa yako ilimufanyia dawa kinyozi. Mashine ililala tu ndani, inaangalia bluu." Akamenya ile ndizi ya njano, akaila pale pale. Nilipomtazama akasema, "Hii haikupata kitu. Ile ingine uihifadhi. Ni karatasi yako ya hospitali."

Ndipo nikamuuliza. Je, ni mashine yetu iliyompa mtoto choa? Hakunipa nilichotaka. Alisema huenda ndiyo, huenda ni darasani, huenda ni kofia ya mwenzake; choa haiachi jina. Alichojua ni kwamba mimi sina tena kitu cha kuapia kwamba si sisi. Tulikuwa tumeacha hata kitambaa.

Kurekebisha hakukugharimu chochote. Fundi mbao alirudi bure kwa kuwa nilimkumbusha kwamba yeye aliuliza na mimi nikakataa, akafurahi kupita malipo. Alishusha taa, akaifunga ndani ya sanduku, mashine zikawa chini yake uso kwa uso. Vioo vya pembeni vikabaki, na sasa vinafanya kazi nzuri: vinalinda macho ya watu. Kinyozi anazima kabla ya kufungua. Pia mama laborantine alimfundisha kwamba taa inaua kile inachokiona tu; unywele uliolala juu ya meno ya mashine ni kivuli, na kivulini choa inalala salama. Kwa hiyo kwanza brashi, kisha alkoholi, ndipo taa. Baada ya siku tatu macho yake yalikuwa meupe.

Tatizo ni kwamba kutoka barabarani huoni tofauti. Bluu ni ileile. Mteja aliyekaa Jumamosi ile na anayekaa leo wanaona kitu kimoja. Tunaojua tuko watu watatu: mimi, kinyozi, na mama laborantine, ambaye siku hiyo alilipa nusu bila kudai, akaiweka tu mezani na kuniangalia. Na fundi mbao; nilipohesabu mara ya pili tukawa wanne. Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza siku nne nzima.

Siku ya tano kinyozi aliniambia, akiwa anafagia, bila kuinua kichwa: "Patron, mimi ninatembea mpaka kona ya tatu kununua mikate. Njia haiko mbali. Lakini watu wa Isangi wananiuliza juu ya ile neno ya shuka na samaki, na ninakosa jibu. Wanafikiri mimi nilicheka."

"Ulicheka?"

"Hapana."

"Basi waambie."

"Niliwaambia. Wanasema yote ni moja, kwa sababu wewe unanilipa."

Nilivuka barabara mchana huohuo. Mama alikuwa anageuza samaki kwenye wavu. Mtoto alikaa nyuma yake na kofia. Aliponiona aliishusha mpaka kwenye nyusi. Mimi ninajua kuanza mazungumzo ya bei yoyote, lakini pale nilianza na hali ya hewa.

"Sema, papa," mama akasema. "Samaki inaungua."

Nikamweleza yote: kioo, ndizi, macho ya kinyozi. Nilikuwa nimeibeba ile ndizi ndani ya gazeti, ingawa sasa ilikuwa nyeusi pande zote na haikusaidia kesi yangu. Nikatoa pesa. Nilimwambia si nusu, ni dawa yote, anitajie bei na sitaijadili. Akataja. Mkono wangu ulitaka kuijadili wenyewe, niliuzuia.

Akazipokea, akazihesabu, akazihesabu tena. Nilimpenda kwa hilo.

"Hii ya dawa nimepokea," akasema. "Sasa leta ile ingine."

"Ingine ipi, mama?"

"Ile maneno ulisema ya samaki na shuka. Ulisema siku gani?"

"Jumamosi."

"Watu walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja." Nilijua bila kufikiri.

"Utakuja kusema hapo hapo, Jumamosi, watu wakiwa wamejaa, kwa sauti ileile. Na mutoto atakuwa amekaa kwa kiti. Ataona."

Nikaona nafasi, nikaingia. Nilitoa Jumanne asubuhi. Akakataa. Nilitoa Jumatano jioni, watu wawili watatu, pamoja na kunyolewa bure mwaka mzima. Alisema kichwa ya mtoto hairudi kwangu kwa bure, itarudi kwa Jumamosi. Nikatoa Jumamosi asubuhi mapema, kabla ya watu. Akaacha samaki, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Papa, wewe ni mutu wa biashara. Neno uliyouza kwa jumla, utairudisha kwa rejareja?"

Katika miaka yangu yote sokoni hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa lugha yangu mwenyewe. Nikakubali. Jumamosi, saa kumi, watu wakiwa wamejaa. Ndiyo mara ya kwanza ninaondoka na bei ya mwanzo bila kuishusha hata kidogo. Nyuma yangu alisema, "Na ile dola yako uibakize nyumbani."

Leo ni Alhamisi. Kinyozi anasema nianze na pole, nimgeukie mtoto, nimalize, taa nisiitaje hata kidogo. Mama laborantine anasema nianze na taa, nionyeshe ndizi mpya mbili, watu waelewe kosa ni kioo, maana mwenzetu wa kona ya pili naye ana kioo na wateja wake wana vichwa. Mimi ninajijua. Nikianza na taa, nitaieleza vizuri sana, watu watacheka, na pole itatoka mwishoni imepunguzwa bei. Nikianza na pole, sina hakika kama baada yake nitabaki na sauti ya kueleza kioo.

Kwa hiyo ninaomba shauri kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu kumi na mmoja na kurudisha kitu alichokiuza kwa furaha. Nianze na ndizi, ama nianze na mtoto? Nijibiwe kabla ya Jumamosi saa kumi. Ndizi nimekwisha nunua.